Kalipa ya Kizimba cha Basha

Mtaani kwetu Bab El Oued watu wana msemo: Zoubir hajengi vizimba, anajenga milango. Msemo huo niliutunga mimi. Niliuachia mkahawani asubuhi, na kufikia adhuhuri ulikuwa umeshapanda ngazi zote za mlima, umefika makaburini, umerudi.

Zoubir ni rafiki yangu na tunaishi jengo moja. Roshani ya kwao ameigeuza karakana: meza ya mbao, jiliwa, drili ndogo, na mafungu ya waya yaliyoning'inia kama tambi zinazoanikwa. Anatengeneza vizimba vya chiriku, wale wa uso mwekundu, maana Algiers nyumba isiyo na chiriku watu huipita kwa sauti ya chini wakidhani kuna msiba. Kizimba chake cha kwanza kilikuwa kizuri mno, kina kuba na mlango wa upinde. Ila alipima kwa rula ya plastiki ya shuleni, na kati ya waya mbili pengo lilizidi kidogo. Mwenye kizimba alikuwa anakoroga kahawa. Chiriku wake akajipenyeza, akasimama juu ya kuba, akajichana manyoya, kisha akaondoka bila haraka, kama mgeni aliyeshiba.

Baada ya aibu hiyo nilidhani Zoubir atahamia kutengeneza viti. Mtu hawezi kutoroka kwenye kiti. Lakini ami yake alimwita.

Ami Mouloud anakaa ghorofa ya chini yetu. Alikuwa fundi cherehani, na tangu mkewe Ouardia afariki, maneno yake yote humpa chiriku anayeitwa Basha. Sisi tunabakiziwa kutikisiwa kichwa. Basha alitotolewa jikoni kwa Ouardia, akalishwa na Ouardia kwa ncha ya kijiti, na nyimbo zake zina kitu ndani yake ambacho wanawake wa jengo husema ni sauti ya marehemu anapoosha vyombo. Sasa kizimba chake kilikuwa kinaliwa na kutu ya bahari, na waya zinamkwaruza miguu.

"Nitengenezee wewe," Ami Mouloud alimwambia Zoubir. "Ijumaa baada ya sala nitamhamisha. Akitoka, usije kunipa pole. Usije kabisa."

Zoubir alipanda ngazi akiwa mweupe kama chokaa.

"Milimita kumi na mbili," aliniambia. "Kila pengo. Likizidi, Basha ameenda. Nahitaji kalipa, Toufik, ile ya taya mbili ya kupimia. Ya kuaminika, ila ya bei ya mtu kama mimi."

"Mtu kama wewe anahitaji kufuli."

Hakucheka, basi nikajua jambo ni kubwa.

Asubuhi yake tulikwenda gulioni, mimi, yeye na chiriku wake mwenyewe ndani ya kizimba kidogo kilichofunikwa shuka. Chiriku haachwi nyumbani. Humpeleka asikie wenzake, la sivyo nyimbo zake zitachacha. Ukungu wa bahari ulikuwa bado haujaondoka mlimani, na soko lilionekana nusunusu: kichwa cha mtu hapa, gurudumu la baiskeli pale, mkono ulioshika kikombe bila mwenyewe.

Hajji Boualem, muuza vyombo vya chuma, alikuwa ametandaza turubai chini ya mwavuli, na mwavulini alikuwa amemtundika chiriku wake. Kalipa alikuwa nazo tatu.

"Hii ya plastiki ni ya kupimia jibini," alisema, akaitupa kando. "Hii ya kioo ina betri, inakusomea namba yenyewe. Hata huyu rafiki yako anaweza kuitumia."

"Mimi nimemaliza sekondari, Hajji," nilisema.

"Ndiyo maana nikasema hata."

Ya tatu ilikuwa ya chuma kizito, haina kioo wala betri, ina mistari midogo kama nyayo za chungu na doa la kutu mgongoni. Zoubir aliinyooshea mkono, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa mji mwingine hawezi kulifanya hata akilipwa. Alivua shuka kizimbani ili ndege wake apate hewa.

Chiriku wa Hajji alitupa neno moja. Wetu akalijibu. Kisha wakaanza.

Sijui niseme vipi. Soko lililegea. Mwanamume aliyekuwa anajaribu kiatu alibaki amesimama kwa mguu mmoja. Muuza dagaa alisahau mkono wake ndani ya barafu. Ukungu ulionekana kuingia na kutoka kwa mapigo ya wimbo, na mimi niliona, au nilidhani nimeona, nyumba nyeupe za mlimani zikiteremka hatua kidogo zisikie vizuri. Hajji alikuwa amefumba macho. Zoubir alikuwa amefumba macho. Katikati ya usingizi ule mkono wake ulitoa pesa, mkono wa Hajji ukazipokea, na kalipa ya kioo ikahama mfuko. Hakuna aliyepunguza bei. Mtu wa Algiers kununua bila kubishana bei, huyo hayupo duniani, yuko ndotoni.

Tulizinduka tukiwa ufukweni.

"Umeijaribu?" nilimuuliza.

"Ina kioo," alijibu, bado anatabasamu.

Nyumbani aliibana taya zake hadi zikagusana. Kioo kilipaswa kusema sifuri. Kikasema sifuri na robo. Akafungua, akafunga, kikasema kitu kingine. Akapima waya mmoja mara tatu, akapata majibu matatu, kama mashahidi wa ajali. Upepo wa bahari ulipovuma kutoka dirishani, namba zilianza kutembea zenyewe, polepole, kama mtu anayetafuta viatu vyake msikitini.

"Labda inapima hewa," nilisema.

Alikuwa ameshatoboa upau mmoja wa kushikia waya kwa kuiamini. Aliuinua tuutazame. Matundu yalifuatana kama meno ya babu yangu. Zoubir aliuvunja juu ya goti, taratibu, akakaa chini sakafuni.

"Atanyamaza, Toufik," alisema. "Basha akienda, ami hatakuwa na wa kusema naye. Atanyamaza moja kwa moja."

Nilikuwa na mzaha mdomoni, nikaumeza.

Kesho yake tulirudi gulioni bila ndege, na kila mmoja wetu ameziba masikio kwa pamba. Wazo lilikuwa langu na bado ninalionea fahari. Tulipita sokoni kama watu wanaotembea chini ya bahari. Midomo ilifunguka na kufungwa, muuza dagaa alipiga kelele kimya, na punda mmoja alilia bila sauti, jambo ambalo lilimpa heshima kubwa.

Hajji Boualem alisema kitu. Hatukusikia. Akasema tena, kisha akaona pamba, mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba. Halafu, bila kuambiwa, akachukua gunia, akamfunika chiriku wake, akatuonyesha masikio: toeni.

"Ungeniambia jana nimfunike," alisema. "Mimi mwenyewe jana nilimuuzia mtu jeki ya gari kwa bei ya nyundo. Haya. Leo tununue kama watu walio macho."

Zoubir aliiweka ile ya kioo juu ya turubai, akaiinua ya chuma. Akabana taya zake, akazielekeza angani, akatazama katikati. Nami nilitazama. Kwenye ile ya kioo mwanga ulipita mwembamba kama unywele. Kwenye ya chuma palikuwa giza tupu, taya moja imelala juu ya mwenzake kama kope.

"Kutu ipo mgongoni," Hajji alisema. "Mgongo haupimi. Tazama midomo."

Alimpa beringi ndogo mpya kutoka kwenye karatasi yake. "Hii ni nane ndani, ishirini na mbili nje. Hapa na China ni ileile."

Zoubir alipima nje, akaigeuza, akapima tena, kisha ndani. Alisoma mistari kwa kunong'ona, nami nikisoma nyuma ya bega lake, tukapata jibu lilelile kila mara. Akaitikisa taya aone kama inacheza. Haikucheza. Akakaza skrubu yake, akaisukuma kwa kidole gumba. Haikuteleza.

"Macho yako yatauma," Hajji alisema.

"Yaume."

Walibadilishana, na kwa kuwa sasa tulikuwa macho, walibishana bei kwa raha zao zote. Hajji aliapa kwamba anafilisika. Zoubir aliapa kwamba yeye alishafilisika tangu utotoni. Mwishowe kalipa ilitoka kwa bei ya chini ya kilo ya dagaa, na Hajji akaturudishia chenji akilalamika.

Siku zilizobaki nilizikaa roshanini nikishika ncha za pau. Zoubir alipima, akatia alama, akatoboa, akapima tena. Mwanga wa bahari uliingia kupitia waya alizosimamisha, ukalala sakafuni mistari sawasawa, na ilipofika alasiri mistari ile ilipanda juu yetu, nikahisi kama mimi ndiye niliye ndani na dunia yote iko nje inanitazama kwa huruma.

Ijumaa, harufu ya kuskusi ikiwa imejaa ngazi nzima, tulishuka na kizimba. Ami Mouloud alikuwa amefunga madirisha na vifuniko vyake vya mbao, akaziba chini ya mlango kwa taulo. Hakututazama. Alikutanisha milango ya vizimba viwili, akasubiri katika giza lile la michirizi. Basha akavuka.

Hakuruka. Alishuka pembeni, akatia mdomo kati ya waya mbili, akageuza kichwa, akautoa. Akahamia pengo la pili. Akapima. La tatu. Zoubir alikuwa amenishika mkono, na kucha zake ninazikumbuka hadi leo. Kwenye pengo moja la kona Basha alikawia. Alisukuma uso wake mwekundu, ukapita hadi machoni, ukakwama mashavuni. Akasukuma tena. Kisha akarudi nyuma, akajitikisa, akaenda pengo linalofuata.

Alizunguka pande zote nne. Alipomaliza alishuka kwenye kikombe cha mbegu, akala kama mtu aliyetoka kazini.

Ami Mouloud alitoa taulo mlangoni, akafungua vifuniko kimoja kimoja, na bahari yote ikaingia chumbani. Akabeba kizimba hadi nje, akakitundika juu ya barabara. Vidole vyake viliachia pete ya kizimba kimoja baada ya kingine.

"Zoubir, mwanangu, kalete kahawa," alisema. "Na huyu mwenye domo naye umletee."

Tulikunywa roshanini. Alisimulia jinsi Ouardia alivyomlisha yule ndege akiwa hana hata unyoya, jinsi alivyomficha kwenye mkono wa koti siku ya baridi, jinsi walivyogombana juu ya jina. Alisimulia mpaka kahawa ikapoa na nyingine ikaletwa. Basha alifungua mdomo mara mbili, hakupata nafasi.