Nyumba Iliyoota Magego

Hadithi hii alinipa marehemu shangazi Kafedha, siku tunakuna nazi za harusi ya Mbeyu, mwaka wa sitini na moja.

Wakati wa vita vya Wazungu, huko Chaani, Nyevu mke wa Charo alikuwa akila ugali wa posho, ule unga wa mgao wa serikali, akauma kijiwe. Gego la chini likapasuka. Ule weupe mgumu wa juu ukabanduka kama ganda la yai, tundu likazama hadi kwenye nyama ya jino, mahali ambapo ukivuta pumzi tu unamkumbuka marehemu mamako. Siku tisa hakulala.

Siku ya kumi akaenda kwa Faraj, dresa wa zahanati.

"Shikamoo, bwana dresa."

"Marahaba. Fungua. Zaidi, bibie! Ukimgombeza mumeo hufungua hivyo hivyo?"

Akatia koleo, akavuta. Jino likatoka na mizizi yake miwili, kama mtu aliyechuchumaa chooni. Nyevu akalifunga kwenye pindo la leso.

Kwao jino likitoka hurushwa juu ya paa, na mwenyewe huomba jipya. Hayo ni ya watoto, ambao jino la pili linawangoja ndani ya ufizi. Mtu mzima hana linalomngoja. Nyevu alilijua hilo, lakini usingizi ulikuwa umemvuruga. Akalirusha juu ya makuti, akasema, "Chukua bovu, nipe zima."

Alhamisi ufizi ukatokeza upenuni, mwekundu. Kufika Jumatatu meno ya mbele yalikuwa yameota juu ya mlango, chonge kwenye pembe, magego huko nyuma upande wa jikoni. Charo akayahesabu: thelathini na mawili.

"Imenizidi kwa sita," akasema, akaenda kazini.

Ila gego moja liliota na tundu lilelile. Maumivu yalimtoka Nyevu yakahamia huko juu, na nyumba ikawa inaguna kutwa kucha. Nyevu hakulala tena.

Majirani wao walifurahi. Walileta posho, wakairushia nyumba kiganja kwa kiganja. Ikatafuna, ikatema unga huku na mchanga kule. Unga ulikuwa na mate kidogo, lakini ulipikika. Kila gunia lilitoa debe la mchanga. Rundo likafika magotini.

Karani wa posho, Katana, akaja kutazama. Meno yake yote yalikuwa mazima. Yeye alikula wali.

"Mchanga huu umetoka wapi?"

"Kwenye posho yako, baba," Nyevu akasema.

"Basi ni mali ya ofisi."

Akaita wachukuzi, wakaujaza kwenye magunia kuurudisha stoo. Alipopita mlangoni, nyumba ikamng'ata kofia, ikaionja, ikaitema.

"Nyumba hii haina adabu!"

"Ina jino bovu."

Posho ya wiki iliyofuata ilikuja na mchanga uleule. Nyevu aliutambua kwa sababu ulikuwa bado na mate.

Akamwita Faraj. Dresa akapanda ngazi, akachungulia.

"Wallahi, hili silitoi. Koleo langu ni la watu. Na nikiling'oa, utalirusha juu ya paa gani?"

Akaliosha tundu kwa maji ya chumvi, akachokoa vijiwe, akashindilia kikombe kizima cha karafuu za kupondwa. Nyumba ikanyamaza. Faraj akashuka, akaenda kusali adhuhuri.

Nyevu akatandika mkeka chini ya upenu. Juu yake nyumba ilikuwa imeshaanza kukoroma. Dhahabu, jirani yake, akatokea na ungo wa posho kichwani.

"Hodi, mwenzangu. Inatafuna leo?"

"Imelala. Katafune mwenyewe."

Dhahabu akashusha ungo, akatazama mchanga ndani yake, akageuka kwenda zake. Nyevu akajilaza kwa shavu lile lililokuwa likimuuma, akalala.