Jogoo wa Kombe la Ziwa

Macho yangu hayajawahi kuomba msaada. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, nimepuliza filimbi ya netiboli kutoka Mbita hadi Migori, na nimesimamia mitihani ambayo watoto walikuwa wameficha majibu mpaka ndani ya soksi. Niliwaona wote. Kwa hiyo Oyaro, mwenyekiti wa klabu ya tenisi hapa Homa Bay, alipotafuta watu wa kuangalia laini siku za Kombe la Ziwa, sikungoja kuitwa. Nilikwenda mwenyewe nikamwambia aniandike.

Kombe la Ziwa lilikuwa shindano la wanaume, nchi kwa nchi: Kenya, Uganda na Tanzania, kila moja na timu ya wachezaji wake wa pande za ziwani. Lilifuata mtindo wa Kombe la Davis, lile la dunia nzima. Ijumaa mechi mbili za mtu kwa mtu, Jumamosi moja ya wawili kwa wawili, Jumapili mbili tena za mtu kwa mtu. Nchi ikishinda mechi tatu, kombe ni lake. Mwaka huo, ule ambao magugu yalifunika ghuba yetu hadi maboti yakashindwa kutoka, fainali ilikuwa Kenya na Tanzania, na ilichezwa kwetu.

Oyaro alinifundisha kazi kwa dakika chache. Mpira ukitoka, unasema "Nje!" kwa sauti. Tulikubaliana tuseme kwa Kiswahili, Watanzania wasije wakatucheka zaidi ya wanavyotucheka. Mpira ukiwa ndani, unanyamaza na kunyoosha viganja chini. Na kama hukuuona, unafunika macho kwa mikono miwili ili mwamuzi ajue.

"Hilo la mwisho halinihusu," nilimwambia.

Oyaro alidhani ninapenda tenisi. Sikuipenda wala sikuichukia. Nilikuwa na shida yangu, na shida hiyo ilikuwa na jina: Nashon.

Nashon ni daktari wa mifugo kule Migori, na ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza wa timu ya Kenya. Pia ni mume wa binti yangu, Rael. Yeye ni Mkisii, sisi ni Wajaluo. Watu wetu hubishana kuhusu mambo mengi, lakini kuhusu mama mkwe tulikubaliana zamani bila mkutano: mwanamume hamkazii macho mama wa mkewe, hamshiki mkono, wala hali naye meza moja. Tangu amchukue Rael sikuwa nimemtazama usoni hata mara moja. Nilijua viatu vyake tu. Vilikuwa viatu vizuri, vimepigwa rangi, lakini hata mkwe wangu wa kwanza alikuwa na viatu vizuri.

Yule wa kwanza alimwoa dada yake Rael. Alikuwa na maneno matamu kama asali, nami nikamchinjia jogoo. Nyumbani kwangu, mkwe akishachinjiwa jogoo amekuwa mtoto wa boma. Kabla ya mwaka kwisha tuligundua kwamba kazi aliyosema anaifanya haikuwepo, na mke aliyesema hana alikuwa naye Kisumu. Binti yangu alirudi nyumbani na sanduku moja na macho yaliyovimba. Nikaapa kwamba sitachinja tena jogoo wa bure.

Ndiyo maana Nashon, kila alipokuja, alipewa chai na mkate. Mwaka wa kwanza chai na mkate, mwaka wa pili chai na mkate. Rael aliitazama ile sahani, halafu akanitazama mimi, machozi yakimlengalenga, nami nikajifanya ninatafuta sukari. Jogoo wangu mwekundu alikuwa akitembea uani, amenona, anatawala kijiji.

Pengine moyo wangu ungelainika wenyewe kama si Gesare. Gesare anauza vitenge Migori, na kibanda chake kinatazamana na klabu ambako Nashon hucheza. Siku moja alikuja Homa Bay, akaketi, akamaliza chai yangu, ndipo akasema, "Mama Rael, unajua huyo mkwe wako wanamwita nani kule? Wanamwita Bwana Nje. Mpira wa mwenzake ukikaribia tu laini, yeye anasema nje. Kila siku nje. Ndiyo sababu anashindanga watu."

Alinieleza kwamba katika michezo ya klabu hakuna mwamuzi. Kila mtu husema mwenyewe kama mpira ulioangukia upande wake ni mzuri au mbaya, na mwenzake lazima amwamini.

Lisemwalo lipo. Usiku huo sikula. Mtu anayeiba pointi mchana, mbele ya watu, kwa ajili ya mchezo usio na faida, atamfanyia nini binti yangu wakiwa wawili ndani ya nyumba? Nilitaka kujua, na sikutaka kujulishwa na mtu. Nilitaka kuona.

Ijumaa asubuhi kapteni wa Tanzania alinijia nikiwa tayari nimeshika kofia yangu.

"Shikamoo, mama. Samahani sana, tumeelezwa kwamba mchezaji wa Kenya ni mkweo. Je, hutampendelea?" Kiswahili chao ni kama kimepigwa pasi.

"Marahaba. Wewe una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Anakupendelea?"

Akafikiri. "Hapana," akasema, na wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Basi. Mimi hata sura yake siijui. Niko hapa kuangalia chokaa ya laini."

Nikapewa kiti changu nyuma ya laini ya mwisho, upande wa ziwani.

Nashon alitoka na kaptula nyeupe, zile fupi wanazovaa wachezaji. Nilikuwa nikitazama chini, nikaona viatu vyake vinasimama ghafla, vinageuka, vinakimbia. Viliporudi vilikuwa chini ya suruali ndefu ya mazoezi.

"We daktari, utaiva!" Oyaro akapiga kelele.

"Acha niive. Siwezi simama na mapaja wazi mbele ya mama."

Jua la Homa Bay halina huruma, lakini alicheza hivyo hivyo na akashinda. Watanzania walidhani ni mbinu mpya. Mimi nilisema moyoni: heshima ni nzuri, lakini yule wa kwanza naye alikuwa nayo, tena ya kumwaga.

Jioni hiyo, nikiwa njiani kurudi nyumbani, niligundua kosa langu, nikajicheka kwa uchungu. Kama mimi ndiye ninayesema nje, basi hakuna anayemuuliza Nashon chochote. Nilikuwa nimekwenda kumpima, halafu nikaketi juu ya mizani.

Jumamosi sikwenda. Sabato ni Sabato, hata kombe lingekuwa la dhahabu. Tanzania walikuwa wameshinda mechi ya pili ya Ijumaa, na hiyo ya wawili kwa wawili tukashinda sisi bila mimi. Jumapili mchana Watanzania wakasawazisha. Mbili kwa mbili. Ikabaki mechi moja ya kukata maneno: Nashon na Maroa, Mkuria wa Tarime, kijana mrefu aliyeupiga mpira kana kwamba anapasua kuni.

Siku hiyo Homa Bay nzima ilihamia klabuni. Waliokosa viti walipanda ukuta. Gesare alikuja na kitenge kipya, na Rael alikaa karibu naye na mtoto mgongoni. Mkoba wake wa nguo ulikuwa miguuni, kwa sababu jioni wangerudi Migori, na alijua kabla ya kuondoka wangepitia kwangu kunywa chai. Chai na mkate.

Nashon alichukua seti ya kwanza. Maroa akachukua ya pili. Ya tatu walikwenda bega kwa bega, huyu akipanda na yule akipanda, hadi Nashon akatangulia na kubakiza pointi moja tu. Pointi moja, na kombe ni la Kenya. Mwamuzi, Mganda mpole aliyekuwa juu ya kiti kirefu, aliwaomba watu wanyamaze, wakanyamaza.

Hapo ndipo sam walipokuja. Sisi wa ziwani tunawajua hawa wadudu: wadogo kuliko mbu, hawaumi, lakini wakiinuka majini huwa wengi kama moshi wa nyumba inayoungua, na upepo ukiwaleta kwako unawala, unawavuta, unawavaa. Maroa alikwisha piga. Nashon akarudisha, Maroa akapiga tena kwa nguvu zake zote, mpira mrefu, unakuja moja kwa moja kwenye laini yangu. Nashon akauacha upite. Wakati huohuo lile wingu likanipiga usoni, macho yote mawili.

Nilisikia mpira ukidunda. Sikuuona.

Watu wakalipuka. Walidhani umetoka, walidhani tumeshinda, vigelegele vikapaa. Ningesema nje, nani angenipinga? Lakini neno halikutoka, kwa sababu sisemi nisichokiona. Nikainua mikono yangu miwili nikafunika macho, ishara ile ile niliyosema hainihusu.

"Mama anaonea mkwe wake haya!" mtu akapiga kelele ukutani, na kicheko kikapita.

Nilimsikia mwamuzi. "Hata mimi nilikuwa napangusa macho. Kama hakuna aliyeona, tutarudia pointi."

"Turudie!" Oyaro akasema haraka. "Ni haki, turudie!"

Na kweli ilikuwa haki. Hata kitabu cha sheria kinasema hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu Nashon kwa kunyamaza tu. Hakuhitaji kudanganya. Alihitaji kufunga mdomo.

"Mimi nimeona," Nashon akasema.

"Nyamaza, wewe!" Oyaro alifoka.

"Nimeona. Ilikuwa ndani. Alama ndiyo hii, imegusa chokaa. Pointi ni yake."

Nikaondoa mikono usoni. Machozi yalikuwa yamewaosha sam, na kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wake. Sikukusudia. Alikuwa ameinama hatua chache mbele yangu, ncha ya raketi yake ikizungushia ile alama kwenye udongo, jasho likimtiririka, wadudu wamemganda kwenye paji la uso. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri. Na masikio yake yalichomoza kidogo pembeni, masikio yale yale ya mjukuu wangu, ambayo nilikuwa nimezunguka ukoo wetu mzima nikitafuta yalikotoka.

Nilikuwa na furaha ambayo haikufaa mahali pale. Nilikaza midomo nisicheke.

Maroa alikuja hadi kwenye wavu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Kisha akarudi nyuma akacheza kama mtu aliyeambiwa kwamba amefufuka. Alichukua pointi hiyo, akachukua gemu hiyo, akachukua seti. Walikuwa wamebadilishana pande, na mpira wa mwisho ulitoka kwenye raketi ya Nashon mwenyewe, ukaangukia upande wangu, kidole kimoja nyuma ya chokaa, na safari hii niliona vizuri kabisa.

"Nje!" nikasema. Sauti yangu haikutetemeka hata chembe.

Kombe likavuka mpaka. Watanzania waliimba, na watu wetu walishuka ukutani, wakampita Nashon kama wanavyopita mtu mwenye ndui. Oyaro alitupa kofia yake chini, akaikanyaga, kisha akaiokota maana ni yeye aliyeinunua. Nilimtafuta Gesare, nikampata akijifunga kitenge upya ili asinitazame.

"Gesare, wale waliokuambia Bwana Nje ni akina nani?"

Alinung'unika kidogo. "Ni wale anashindanga," akasema.

"Ahaa."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia pale pale penye chokaa. Nashon alipita karibu yangu akitazama chini, kama inavyotakiwa.

"Mama, pole," alisema. "Nimeangusha watu wote."

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na rangi yake haikuonekana tena. "Mtapitia nyumbani kabla ya kurudi Migori," nilimwambia. "Na msije mbio. Nahitaji muda."

Nilitangulia na Rael. Njia nzima alilia kimyakimya, mtoto mgongoni akichezea sikio lake. Alimlilia mumewe aliyekuwa na kombe mkononi na kuliachilia, na najua alililia pia ile sahani ya mkate iliyokuwa ikitungoja. Tulipofika uani nilivua kofia ya kazi, nikakunja mikono ya blauzi, nikamwita yule jogoo kwa mahindi machache. Alikuja kwa maringo yake yote, hajui lolote.

Rael alisimama mlangoni. "Mama," akasema kwa sauti iliyokatika, "tumeshindwa."

Nikamshika jogoo mabawa yote mawili.

"Ameshindwa nani? Weka maji motoni, haraka. Jogoo hanyonyolewi kwa maji baridi."