Jiko la Wageni

Dalali alifungua oveni yangu, akakuta kitabu cha maelekezo kimo ndani, bado kwenye nailoni yake. Akakigeuza, akasoma mwaka nyuma. 1983.

"Mama Evdokia, hili jiko mmewahi kulitumia?"

"Tulitumie kwa nini? Ni la wageni," nikamwambia.

Dalali mwenyewe anaitwa Callum, kijana wa viatu vilivyochongoka. Nilimtembeza nyumba nzima. Sebuleni makochi yamo ndani ya nailoni zake. Kabatini sahani zenye ukingo wa dhahabu zimepangwa, hazijaonja hata chumvi. Jikoni vigae vya rangi ya chungwa vinang'aa. Callum alikuwa anavipapasa.

"Watu watagombania vitu hivi, mama. Septemba ndiyo hii, maua yanachipua, Melbourne nzima inanunua nyumba. Hapa sina la kufanya. Mmeshaiandaa."

Nilifurahi, sifichi. Magoti ya mume wangu Pantelis yamekwisha, na binti yetu Matina ametupatia fleti karibu na kwake, ina vyumba viwili na lifti. Niliposema ndiyo, tuuze, niliweka nia moja tu: atakayeingia nyumbani kwangu asikute hata alama ya kidole.

Kisha Callum akafungua gereji.

Mle kulikuwa na jiko langu la gesi, friji mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki, televisheni, kochi lililobonyea kwa umbo la Pantelis, picha ya Bikira Maria na mitungi ya sosi ya nyanya mpaka darini.

"Hii ni nini?"

"Hapa ndipo tunapoishi."

"Mama, hii ni gereji. Mnunuzi anataka kuona mahali pa gari."

"Gari letu linalala nje miaka arobaini, halijalalamika."

Hakucheka. Watu wa kwetu anawajua, hakuna Mgiriki wa rika langu hapa mtaani Preston anayekaangia samaki ndani ya nyumba. Lakini alisema gereji iwe tupu, na ndani kusipikwe chochote wiki zote nne mpaka siku ya mnada. Harufu ya vitunguu inafukuza wateja, eti. Lori likaja likabeba maisha yangu yote kwa safari moja. Kuanzia siku hiyo tukawa tunakula chakula cha Matina kutoka kwenye makopo ya plastiki, tumekaa kwenye ngazi za nyuma, sahani magotini.

"Ndani kuna viti vinane," Pantelis akasema jioni ya kwanza.

"Ukidondosha mchuzi?"

Akatafuna. Hakurudia tena.

Jumamosi watu walikuwa wanakuja kuangalia nyumba kwa nusu saa, na wenyewe mnatakiwa kutoka. Jumamosi ya pili Pantelis alibaki ndani ya gari kona ya mtaa, anasikiliza mpira. Mimi uvumilivu ulinishinda. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikapanga foleni mlangoni kwangu. Msichana wa ofisi ya Callum pale mlangoni hakunijua. Akaniuliza jina, nikampa la uongo, Vasiliki.

Jamani, watu waliingia na viatu! Nikawafuata nyuma kwa adabu, roho inanitoka.

Jikoni nilimkuta msichana mmoja wa Kivietinamu, mjamzito, pamoja na mumewe, Mzungu mrefu. Msichana alikuwa ameinama kwenye oveni yangu.

"Lachlan, njoo uone. Haijawashwa hata siku moja!"

"Si bahati yetu hiyo, Hanh?"

"Bahati gani? Miaka arobaini! Walikuwa wanamsubiri nani?" Akanigeukia. "Eti bibi?"

"Wageni," nikasema.

"Wakaja?"

Dada zangu walikuja, lakini walipitia uani moja kwa moja mpaka gereji, maana ndiko kulikokuwa na chakula. Chakula cha harusi ya Matina tulikila gereji. Kasisi alikuja mara moja, akanywa maji amesimama, akasema ana haraka. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa natembea kwa soksi kwenye kapeti langu mwenyewe.

"Sijui," nikamwambia, nikatoka.

Iliniuma. Siwezi kusema vingine, iliniuma sana. Nikaingia ndani ya gari nikafunga mlango.

"Nataka kupika mle ndani kabla hawajaichukua. Mara moja tu."

Pantelis akapunguza redio. "Callum amekataza."

"Callum si mume wangu."

"Nyumba ikikosa mteja kwa ajili ya nyama, Matina atatuzika hai."

"Basi atuzike tumeshiba."

Akasikiliza mpira mpaka ukaisha. Halafu akaniuliza, "Nyama gani?"

Siku ya mnada niliamka mapema, nikafungua kile kitabu, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayejifunza udereva akiwa na miaka sabini na minne. Mguu wa kondoo ukaingia, na viazi, malimau ya mti wetu, majani ya oregano na vitunguu saumu bila hesabu. Nusu saa ya kwanza oveni ilitoa harufu ya gundi. Baada ya hapo ikakubali.

Callum alifika saa tatu na nusu. Alinusa kuanzia getini.

"Mama! Si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na nani? Ulitoa amri, nikanyamaza."

"Kuna watu hamsini wanakuja!"

"Mguu mmoja hautoshi watu hamsini," Pantelis akasema. Alikuwa amevaa suti.

Mnada unafanyika barabarani, mbele ya ukuta. Majirani wote walikuja, wamekunja mikono, hawanunui kitu, wanataka kujua tu. Mimi nilisimama dirishani na kisu cha viazi. Bwana mmoja aliyekuwa anapandisha bei vizuri alinusa, akamnong'oneza mkewe, wakaondoka. Nikajiambia, Evdokia, umeiuza nyumba yako kwa kitunguu saumu.

"Jirani anapika," Callum akawatangazia watu, hakutikisa hata kope.

Walibaki wawili, kisha mmoja. Nyundo ya mnada ilipogonga niliona tumbo kabla ya kuona uso. Alikuwa Hanh.

Kwa desturi ya huku, mnunuzi huingia kusaini ndani ya nyumba papo hapo. Callum aliwaketisha kwenye meza yangu ya viti vinane, akatandaza karatasi. Hanh alisaini kila alipoonyeshwa, huku pua yake iko jikoni.

"Bibi," akasema aliponiona, "wewe ndiye ulikuwa…"

"Ndiye mimi. Sogeza karatasi hizo, mwanangu."

Nikafungua kabati, nikatoa sahani za dhahabu. Nikapakua kwenye zote, ya Callum pia, na Callum akala bila kusema habari za harufu. Lachlan alidondosha mchuzi kwenye kitambaa cha meza alichoniachia mama yangu. Nikauangalia ukienea. Sikufa.

"Kwa hiyo wamekuja," Hanh akaniambia, mdomo umejaa.

"Nani?"

"Wageni."

"Wamekuja," nikasema. "Wamechelewa kidogo."

Pantelis alikuwa bado amesimama mlangoni na suti yake, ameshika sahani kwa mikono miwili. Akatazama kiti hiki, akatazama kile. Miaka arobaini, na hakuwa na kiti chake mle ndani. Akanitazama mimi, na mimi sikujua nimwonyeshe kipi.

Hanh akamvutia kilichokuwa karibu naye.

"Karibu, mzee," akamwambia. "Kaa popote. Jisikie uko nyumbani."

Pantelis akamshukuru, akaketi.