Doa Ndani ya Mshipa Mweupe

Daktari wa picha alipofungua kipimo cha mapafu ya mdogo wake, aliyejifungua juma lililopita, aliinamia skrini. Dawa ya picha aliyodungwa mgonjwa iliing'arisha mishipa yote ya mapafu ikawa myeupe, ila katika mshipa mkubwa wa kulia palikuwa na doa la kijivu. Damu ilikuwa imeganda.

Akapiga simu wodini. "Asiinuke kitandani! Mdungeni dawa ya kuzuia damu kuganda sasa hivi."

Kisha akatimua mbio mwenyewe. Alimkuta mdogo wake akihema juu juu, sindano ikiingia.

"Dada, si ulisema ni uchovu wa uzazi tu?"

Daktari alimshika mkono, akaketi kando yake. Jioni pumzi zilianza kutulia, lakini dada yake hakubanduka pale kando ya kitanda.