Jiko Lisiloingia Ndimu

Mtaa mzima wa Langoni wanasema mke wa Bakr hajui kupika samaki. Mke mwenyewe ni mimi, Radhiya, na samaki najua kumpika kuliko wao. Ila jikoni kwangu ndimu haiingii. Natia ukwaju, na hao wanaonisengenya wakishakaa kula hawabakishi kitu.

Ndimu niliifukuza kwa ajili ya mume wangu. Bakr alikuwa akihudumia wageni katika hoteli moja kule Manda, akiwakatia ndimu za kutia kwenye bilauri za pombe. Mwisho akawa anakunywa nao, kisha akawa anakunywa hata wakiwa hawapo. Ameacha, alhamdulillahi. Lakini siku moja nilikata ndimu mbele yake, jasho likamtoka, akaniambia anaitamani pombe kama hajapata kuiacha.

Nikamwendea Nerea, muuguzi wa zahanati, nikamuuliza kama imani ya mume wangu imepungua.

"Imani yake usiiguse, Bi Radhiya," akasema. "Jeni alizorithi kwa wazazi wake ni zile zile. Lakini mtu akizoea pombe, huko kwenye ubongo inazilaza baadhi ya jeni, na nyingine inaziamsha kupita kiasi. Tena ubongo unashika chochote kilichokuwa karibu na pombe. Kwake ni ndimu. Hali huwa inarudi sawa polepole, na kuna yanayochelewa sana. Wewe msaidie tu."

Nilipofika nyumbani nilizitoa ndimu zote. Nampenda yule mtu, nifanyeje.

Yeye aliniomba jambo moja tu, mamake asijue. Bi Ummu anaamini mwanawe aliacha kazi kwa vidonda vya tumbo.

Basi juzi kulikuwa na karamu ya harusi nyumbani kwa Bi Ummu. Akaniita jikoni mbele ya mawifi zangu, akaniwekea kikapu cha ndimu na kisu.

"Kata," akasema. "Leo takufunda kupika samaki."

Nikasingizia kidole kinaniuma. Mawifi wakacheka. Akazikata mwenyewe, na harufu ikawa imejaa jikoni Bakr alipoingia na gunia la makaa. Akasimama mlangoni. Nikaliona lile jasho.

"Mtizame mkeo," mamake akamwambia. "Hata ndimu hayui kukata. Sijui alifundwa na nani."

Angeweza kuondoka. Nilimwombea Mungu aondoke. Akalitua gunia.

"Mama, Radhiya ayua kupika. Ndimu alizitoa kwa sababu yangu. Kule Manda nalikinywa pombe, na hadi leo nikinusa ndimu roho yaitaka. Lawama hii ni yangu, yeye amenibebea tu."

Bi Ummu akasema astaghfirullah, kwa sauti ndogo. Akazikusanya ndimu pamoja na maganda yake, akampa wifi yangu mkubwa azipeleke kwa jirani. Akanawa mikono kwa sabuni, akainusa. Akarudi kwenye maji, akanawa tena, akisugua hadi kwenye kucha, akainusa tena. Ndipo akaenda mlangoni, akamshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili.

"Radhiya," akaniita bila kugeuka, "ukwaju wako u wapi?"