Shokapu za Mzee Adriano

Mzee Adriano alikaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha masjala, na alipostaafu alitoka na imani moja tu: kwamba hakuna jambo linaloweza kushindikana likishafunguliwa jalada. Kwa hiyo alipofunga injini ndogo ya petroli kwenye baiskeli nyeusi aliyoachiwa na baba mkwe wake, akagundua kuwa barabara ya vumbi ya kwenda Milepa inamtikisa mpaka miwani inahamia kidevuni, hakwenda kwa fundi. Alikwenda dukani kununua jalada.

Juu aliandika kwa herufi kubwa: UMA WA MBELE. Ndani aliweka picha aliyochapishiwa mjini, ya pikipiki ya Kizungu ya miaka mia moja iliyopita, uma wake unaoshika tairi la mbele una springi mbili zinazoonekana kwa nje, zinang'aa kama bangili. Baiskeli yake ilishaanza kufanana nayo. Tangi lilipakwa rangi nyekundu iliyokolea, taa ya mbele ilikuwa pana kama sahani ya pilau, na kiti kilikuwa cha ngozi. Kilichobaki ni huo uma usio na shokapu, chuma kikavu kinachopeleka kila jiwe la Ufipa moja kwa moja kwenye mabega ya mpanda.

"Nataka itoke kama hii," alimwambia mke wake, Emerensiana, aliyekuwa uani anapepeta ulezi.

Emerensiana aliitazama picha. "Hii ni ya nani?"

"Ya zamani. Ya Wazungu."

"Na huyo Mzungu yuko wapi sasa?"

"Mama Flavian, si kila kitu ni cha kuchekwa."

"Sijacheka bado. Mpelekee Jovina hapo chini. Mikokoteni anayochomelea inabeba matofali mwaka mzima na haijavunjika hata mmoja."

"Jovina ni wa mikokoteni. Hii ni kazi ya kisanifu."

Ukweli ni kwamba Mzee Adriano alikuwepo siku Jovina anabatizwa, na hakuweza kujiona amesimama na jalada lake mbele ya mtu aliyemwona akilia kwa kumwagiwa maji. Tena mwanamke. Hilo la pili hakulisema hata kwa mke wake, maana alimjua.

Akaenda kwa Vitus. Vitus alikuwa na karakana karibu na soko, na watu walimwita Injinia kwa sababu mwenyewe alianza kujiita hivyo. Alivaa kofia ngumu nyeupe ingawa juu yake hapakuwa na kitu cha kumwangukia isipokuwa mbingu, na shingoni alining'iniza kitambulisho ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisoma. Alilipokea jalada kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," alisema baada ya kuitazama picha, "hii ni haidroliki."

Mzee Adriano hakujua haidroliki ni nini, lakini aliliandika neno hilo papo hapo, akamwuliza herufi zake. Moyo wake ulitulia. Hatimaye amekutana na mtu anayezungumza lugha ya majalada.

Kazi ilichukua wiki sita. Kila alipokwenda kuulizia, Vitus alimpa neno jipya. Mara tunasubiri kalibresheni. Mara kuna suala la presha ya ndani. Jalada likanenepa. Kumbe Vitus alichofanya, na alikifanya asubuhi moja tu, ni kukata miguu ya uma, kutumbukiza bomba jembamba ndani ya bomba nene, na katikati kuweka springi iliyotoka kwenye kochi bovu. Kisha akapaka rangi ya fedha.

"Ikandamize, mheshimiwa."

Mzee Adriano akaukandamiza usukani. Baiskeli ikashuka taratibu, ikainuka taratibu, kama mtumishi wa altare anayepiga goti mbele ya tabernakulo.

"Unaona inavyopumua?"

"Naona," alisema Mzee Adriano, na macho yalimlengalenga. Haikumjia kuuliza ni kitu gani kinalizuia bomba jembamba lisichomoke. Swali hilo halikuwemo kwenye jalada.

Jumapili iliyofuata, misa ya pili ilipokwisha, alipita mbele ya kanisa kwa mwendo wa polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukisalimia. Kina mama wa kwaya walikuwa wamesimama nje na sare zao. Getini pana mtaro uliofunikwa kwa bamba la zege lililoinuka kidogo. Baiskeli ilipolipanda, sehemu ya mbele ikaruka, na tairi likajitoa pamoja na yale mabomba membamba, kwa utaratibu kabisa, likaanguka chini na kuendelea na safari yake. Lilipita katikati ya kwaya. Lilimpita katekista Zephania akiwa na vitabu vyake kwapani. Likaenda kuegemea ukuta wa nyumba ya mapadre kama lina shida ya kuonana na paroko.

Mzee Adriano alifika baadaye kidogo, kwa kidevu.

Kisha sauti moja kutoka kwenye kwaya ikasema, "Kumbe mbele na nyuma ni vyombo viwili!" Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba misa imekwisha na kucheka kunaruhusiwa. Zephania, mtu asiyejua utani, alimwinua, akamfuta vumbi, akamwuliza kwa upole, "Mzee, na lile la mbele ni la kwako pia, au tulitangaze apatikane mwenyewe?"

Vitus alipofuatwa alisema mteja amezidisha mwendo wa kiufundi. Kesho yake simu yake haikupatikana, na kofia nyeupe haikuonekana sokoni. Mzee Adriano aliandika barua ya malalamiko, yenye nakala tatu, kisha akakaa akifikiri ampelekee nani. Mwishowe aliiweka kwenye jalada.

Siku ya tano, plasta ikiwa bado kidevuni, alimwona Emerensiana anatoka getini na lile tairi la mbele na mabomba yake. Hakumwuliza anakwenda wapi. Alichukua jalada, akaikokota baiskeli isiyo na mbele akimfuata, kama mtu anayesindikiza mbuzi wake mwenyewe mnadani.

Jovina alikuwa ameinamia ekseli ya mkokoteni. Alivua miwani ya kuchomelea, akaipandisha juu ya kilemba chake cha kitenge. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mzee Adriano, akafungua jalada. "Nimekuja kuhusiana na suala la—"

Jovina alikuwa ameshalitia jicho lile bomba. Hakucheka, na hilo ndilo lililouma.

"Nani kaweka springi ya kochi humu?"

"Injinia Vitus."

"Aha. Baba, una kilo ngapi?"

"Hilo linahusu nini?"

"Springi haiulizi ulikuwa na cheo gani. Inauliza kilo."

Jirani wa Jovina alikuwa mnunuzi wa mahindi, na mizani ilikuwepo. Mzee Adriano akapandishwa pale pale, mbele ya wakulima waliosubiri magunia yao yapimwe. "Themanini na nane!" alipaza sauti mwenye mizani, kwa mazoea. Mkulima mmoja akauliza kama yamekauka vizuri.

Jovina akaomba ile picha. Aliishika muda mrefu, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayesoma barua nzuri.

"Aliyeunda hii alikuwa fundi," alisema. "Tazama, baba. Miguu ni minne. Hii miwili ya nyuma imesimama imara. Hii miwili ya mbele inacheza. Chini imeunganishwa kwa kibao cha chuma kinachobembea, na tairi limefungwa kwenye hicho kibao. Jiwe likilipiga tairi, kibao kinapanda, miguu ya mbele inasukuma springi za juu. Hakuna kinachochomoka, kwa sababu hakuna kilichochomekwa."

Mzee Adriano alitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza kilichomo kwenye jalada lake.

"Nahitaji karatasi ngumu ya kukatia kipimo cha kibao," alisema Jovina, na kabla hajajibiwa alishachomoa gamba la jalada na kulipitisha mkasi. UMA WA ikabaki upande mmoja, MBELE ikaenda upande mwingine.

Kazi ilichukua siku nne, na siku zote nne alikuwepo. Springi za kwanza, za nyuma ya bodaboda, zilikuwa ngumu. Jovina aliweka gunia la mahindi juu ya kiti, hazikusogea hata unywele. Akarudi kwa wauza vyuma chakavu, akaleta nyingine za pikipiki iliyokufa, akazikata, akapima tena kwa gunia, kisha kwa mzee mwenyewe. "Shika hapa, baba," alikuwa akisema. "Sawa. Siyo hivyo. Shika sawa." Mzee Adriano alishika sawa. Usiku alilala bila kuota.

"Sasa sikiliza," alisema Jovina siku ya kukabidhi. "Hizi nati mbili za juu usizifungue. Ndizo zinazokandamiza springi. Zikilegea, njoo."

"Nimeelewa."

Jumatano akashuka Muze. Barabara ile inajikunja ukingoni mwa uwanda, upande mmoja mwamba, upande mwingine Bonde la Rukwa limetandazwa chini na joto lake linakuja kukupokea usoni. Alishuka na breki mkononi. Mawe yalipita chini ya tairi na yeye akayaona yakipita bila kuyasikia mwilini. Springi zilipanda na kushuka mbele ya macho yake, miwani ikatulia puani, na kwa kona sita hivi Mzee Adriano alisahau kabisa kwamba yeye ni nani. Alikuwa anacheka peke yake.

Bahati mbaya alifika, na Muze kuna watu.

Walimzunguka wafanyabiashara wa mpunga, waendesha bodaboda, na mama mmoja mwenye beseni la samaki. "Nani kaunda hii?" waliuliza.

"Ni usanifu wangu," alisema. "Kuna binti mmoja alinisaidia kuchomelea."

Kijana wa bodaboda, jina lake Sebastiani, alichuchumaa kwenye uma. "Hizi springi zimeshikwaje, mzee?"

Angeweza kusema hajui. Badala yake aliomba spana.

Nati ya kwanza ilitoka kwa heshima. Ya pili haikusubiri. Springi iliruka juu ya vichwa, ikatua kwenye beseni la samaki, na mama mwenye beseni akaruka naye. "We mzee, umetuletea nini hapa?"

Alipiga simu akiwa amewapa mgongo, lakini masikio yake yalishachoka na ilibidi aweke sauti ya nje.

"Umefungua," alisema Jovina. Hakuuliza.

"Ni katika kuelimisha wananchi—"

"Kuna mtu hapo anayejua kushika spana?"

"Nipo dada," alisema Sebastiani.

Basi Muze yote ikasikiliza, kimya kama watu wanaosikiliza mpira redioni, Jovina akielekeza kutoka karakanani kwake Milanzi: ikandamize kwa kamba, funga kamba, ingiza bolti, legeza polepole, toa kidole chako hapo. Nusu saa baadaye uma ulikuwa umesimama. Watu wakapiga makofi, wakaanza kuulizana namba ya huyo dada. Kelele zilikuwa nyingi, hawasikilizani, na Mzee Adriano, ambaye hakuwahi kustahimili kuona taarifa inapotoshwa, akajikuta anawasomea yeye mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa sauti ya masjala, akirudia kwa waliochelewa.

Namba yake hakuna aliyeiomba. Kupanda mlima injini ilikataa, akarudi juu ya lori la mpunga, yeye na baiskeli wamelala kwenye magunia.

Baada ya wiki mbili Sebastiani na wenzake watatu walipanda Milanzi na baiskeli zao za mizigo kuzifungia springi. Mzee Adriano alikuwa pale karakanani, amekalia kigoda, kama ambavyo sasa alikuwa kila siku. Mgeni mmoja akauona uma wake.

"Shikamoo mzee. Huu kaunda nani?"

Alimtazama Jovina, aliyekuwa anachomelea, cheche zinamrukia miguuni.

"Jovina," alisema. "Chini ya usimamizi wangu."

Cheche zikakoma. Jovina akapandisha miwani. "Basi msimamizi," alisema, "umeme wa luku unakaribia kuisha. Nenda kaninunulie."

Akaenda. Kwa baiskeli, ingawa duka liko hatua arobaini.