Pampu Iko kwa Kaka

Baiskeli ya kaka yangu imetundikwa ukutani, juu ya meza ya kazi, kwenye misumari miwili mikubwa. Wateja wakiuliza kama inauzwa, najifanya kiziwi. Mmoja aliuliza mara ya pili, nikamwambia breki zimekatika. Akasema haoni shida, breki zinatengenezeka. Nikamwambia nasema zake yeye, maana hajui kusimama. Hakurudi tena.

Karakana yetu ni chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la dawa na fundi cherehani, na kinanuka mpira na grisi hata kikipigwa deki. Kaka alikaa dirishani akinyoosha rimu. Mimi nilikaa mlangoni kwa sababu, kwa maneno yake, sura yangu inafukuza wezi. Tangu afe, dirishani hakai mtu. Nimeweka pale beseni la maji ya kupimia pancha, ili pasionekane patupu. Sasa panaonekana patupu na beseni.

Tulitengeneza baiskeli za watu ili tule, na kuendesha za kwetu ili tuishi. Kila mwaka mvua zikikatika tulifunga mlango, tukaingia kwenye barabara za msituni, zile za changarawe zilizochongwa na wakata magogo, nyingi kisha wakazisahau. Majirani walitucheka. Walisema watu wazima wenye ndevu wanakwenda kuchezea mawe. Waache waseme. Njia zote hizo tulizimaliza, isipokuwa moja, inayopanda msitu mzima na kuvuka mto mpaka kwenye mnara wa walinzi wa moto, kileleni. Tulifika mtoni tu. Kifua kilimbana kaka, akakaa juu ya jiwe, akanywa maji, akasema tutaimaliza mwakani. Mwakani ulifika bila yeye.

Basi nikaamua kuimaliza. Sikuwa na haja nyingine duniani ila kuugusa ule mnara, nikijua kwamba nimeugusa kwa ajili yetu sote wawili.

Breki alitaka kuja nami. Breki ni binti wa kaka, muuguzi, mtu mzima mwenye zamu zake na maneno yake. Baba yake alimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa asubuhi ambayo sisi tulikuwa tumeshafunga mizigo, mguu mmoja uko kwenye pedali, safari ikafia pale pale. Alikuja karakana akiwa bado na sare ya kazini, akasimama chini ya ile misumari miwili, akaomba aishushe baiskeli ya baba yake twende wote. Alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu kwamba siendi kuvunja chawa.

"Ile ni njia ya watu wawili," nikamwambia. "Mimi na baba yako."

"Sasa mbona unakwenda peke yako, baba mdogo?"

Nikakasirika. Ndiyo tabia yangu. Nilimwambia baiskeli ile haishuki, akaondoka bila kuaga, na yeye si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Nilifunga mizigo jioni ile ile nikiwa nimenuna, mikono ikifanya kazi yenyewe. Na mikono yangu haina haja ya kuambiwa. Sufuria, majani ya chai, sukari, mkate, hema, tyubu ya akiba, viraka, solusheni, vyuma vya kubandulia tairi. Nilikagua, kisha nikarudia kukagua, kwa sababu mimi ni fundi na siwapendi watu wanaoingia porini kama wanaokwenda harusini. Hakikupungua kitu hata kimoja.

Kulipokucha nikaingia msituni. Lori la mwisho la siku ile lilinipita mahali lami inapokwisha, na baada ya hapo nikabaki na sauti ya changarawe chini ya tairi. Miti imesimama pande zote mbili, mirefu, imefungana juu, na barabara inapanda, inakata kona, inapanda tena. Nilitegemea nitafurahi. Jambo nililoligundua ni kwamba misitu yote niliyowahi kuiona maishani mwangu niliiona pembeni mwa mgongo wa kaka. Siku zote yeye alikuwa mbele, shati limemganda kwa jasho, na msitu ukipita huku na huku. Sasa mgongo haukuwepo. Barabara ilikuwa pana kupita kiasi, na mimi sikujua nitazame wapi.

Niliimba, nikanyamaza. Nikatukana kilima kimoja kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Nilikuwa mpweke, nisizunguke mbuyu. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilimshukuru nzi mmoja aliyenifuata.

Jioni nikapiga hema karibu na mto. Nikakusanya kuni, nikateka maji, nikateleka sufuria juu ya mawe, nikatafuta kiberiti. Hakuna. Nikamwaga mfuko mzima chini. Hakuna. Ndipo nikakumbuka kwamba kiberiti hubebwa na kaka. Nikacheka peke yangu, nikala mkate mkavu na maji ya mto, nikajiambia kuwa mtu hafi kwa kukosa chai.

Mwenye akili angeendelea na hesabu hiyo pale pale. Kwa miaka yote hatukuwahi kubeba kitu kimoja mara mbili, maana kwenye mlima kila gramu ni adui. Vingine vyangu, vingine vyake. Mimi nilikomea kwenye kiberiti, nikalala.

Asubuhi nilivuka mto baiskeli ikiwa begani, maji yakinifika magotini. Nikapita lile jiwe alilokalia. Sikusimama, ila nililisalimia. Kutoka hapo kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa mpya, mahali ambapo kaka hakufika, na nikasikia moyo unanipanda. Nikakanyaga kama kijana. Jiwe kali likanichania tairi la nyuma kwenye kona ya kwanza ya kilima.

Pancha hainitishi, ndiyo ugali wangu. Nilipindua baiskeli, nikatoa gurudumu, nikabandua tairi, nikalipata tundu, nikakwangua, nikapaka solusheni, nikasubiri, nikabandika kiraka. Kazi safi. Nikarudisha tyubu ndani. Kisha, bila kugeuka, nikanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

Sijui mkono ulikaa hapo muda gani. Ndivyo tulivyofanya kazi tangu ujanani: mimi nimeinama juu ya gurudumu, yeye amesimama nyuma yangu, nanyoosha mkono na pampu inatua kiganjani. Sikuwahi kuiomba. Sikuwahi kuibeba. Pampu ilikuwa karakana, imefungwa kwenye baiskeli ya kaka, juu ya misumari miwili niliyoikatalia isiguswe.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Halafu nikafanya anachofanya mtu asiye na njia: nikachomoa tyubu, nikajaza tairi majani makavu, nikayashindilia, nikapanda. Baiskeli ikawa inakwenda kama punda aliyeonewa. Kila baada ya kona tairi lilitema majani na rimu ikasaga mawe, nami nikashuka kushindilia tena.

Lori la magogo likatokea juu likishuka. Dereva alisimama, mtu mnene mwenye kicheko karibu. Nilipomweleza kazi yangu na shida yangu alishika tumbo, akasema ama kweli mganga hajigangi. Lakini alikuwa mwema. Alijaribu mpira wa upepo wa lori lake, haukuingia kwenye mdomo mdogo wa tyubu yangu. Akanipa kiberiti chake, akanionyesha kona ambayo simu hushika, maana hapo ndipo humpigia mkewe. Kisha akaniambia nipakie baiskeli juu ya magogo tushuke wote. Nikakataa. Akatikisa kichwa, akaniachia barabara.

Ningeweza kuisukuma baiskeli hadi kileleni. Miguu ninayo. Lakini nilitazama ule mfuko wangu uliopangwa vizuri, uliokaguliwa mara mbili, nikaona ninachokipeleka huko juu: nusu. Nimebeba nusu ya safari, na nusu nyingine nimeitundika ukutani.

Nikaenda kwenye kona ya simu, nikapiga.

"Shusha baiskeli ya baba yako," nikasema.

Alikuwa kazini, nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita kwenye korido. Akauliza kimetokea nini.

"Nina pancha. Viraka ninavyo. Pampu iko kwake."

Hakucheka. Wala hakusema si nilikuambia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kulipokea. Aliuliza tu imefungwa upande gani, nikamwambia chini ya bomba la katikati la fremu. Akasema akitoka zamu atapanda lori linalopeleka wakata magogo hadi mtoni, kutoka hapo ataendesha mwenyewe.

Nikamsubiri. Nilikoka moto, nikachemsha chai, na ilipochemka nikaona ni ya watu wawili, kipimo kingine sikijui. Nikainywa yote. Siku ilikuwa ndefu, na usiku sina la kuusimulia.

Kesho yake nilikuwa nimeinamia gurudumu, tyubu nimeshairudisha, niliposikia ile tiki-tiki ya gurudumu la nyuma ambayo kaka alinikataza nisiitengeneze. Alisema inampa mwenza. Ikakaribia, ikapungua, ikanyamaza nyuma yangu. Mtu akashuka, akihema.

Sikugeuka. Nilinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

Pampu ikatua. Lakini ilitua kinyume, mdomo wake mbele na mpini nyuma. Miaka yote ile kaka alinipa mpini kwanza, hata mara moja hakukosea. Nilimzika kwa mikono hii, nikapokea pole za mtaa mzima, nikaweka beseni mahali pake. Ila kuamini kwamba amekufa, niliamini pale, kwenye changarawe, nikiwa nimeshika pampu iliyogeuzwa.

Nililia, na sikusingizia vumbi. Breki alisimama pale pale nyuma yangu, hakunigusa, hakuniambia nyamaza. Nadhani kazi yake imemfundisha.

Baadaye nikamwambia, "Siku nyingine unipe mpini kwanza."

"Sikujua, baba mdogo."

"Ungejuaje."

Nikaigeuza pampu, nikaanza kujaza upepo.